Kumtukana Matonya

"Nimekuja kukuomba uende ukamtukane mwanangu," Ndahani alisema.

Mpishi wa kambi ya reli hakugeuka. Alikuwa ameinamia sufuria la maharage lililotosha kuogeshea ndama, mwiko mrefu mkononi, jicho moja limefumbwa na moshi. Nyuma yake vibarua walikuwa wakishusha vyuma vya reli kwa wimbo uliomtaja mnyapara katika kila mstari, na hakuna mstari uliomtaja kwa wema.

"Amekukosea nini huyo mwanao?" mpishi aliuliza.

"Hajanikosea kitu. Amekufa."

Mwiko ulisimama. Mpishi akafumbua jicho la pili na kumtazama mgeni wake vizuri: mtu mfupi, mkavu, mikono imepasukapasuka kwa chumvi, miguu imejaa vumbi mpaka magotini.

"Pole, mzee. Lakini umepotea njia. Mimi kazi yangu ni kupika."

"Wewe ni mjukuu wa bibi Nghambi. Bibi yako ndiye aliyenielekeza hapa. Kwa hiyo wewe ni mtani wangu na mimi ni mtani wako, na ukikataa nitakaa hapahapa nilie mbele ya maharage yako mpaka mnyapara aje aulize kuna nini."

Mambo yalikuwa hivi. Ukoo wa Ndahani na ukoo wa mpishi walikuwa watani tangu enzi za mababu. Wengine walisema chanzo ni fahali, wengine wakasema ni bibi harusi aliyebadilishwa njiani, na kila upande ulidai kwamba aliyedanganywa ni wao. Jambo ambalo halikuwa na ubishi ni kwamba akifa mtu upande huu, watu wa upande ule huja mbio. Wao ndio huchimba kaburi. Wao ndio hulala ndani yake na kukataa kutoka mpaka wapewe kuku. Wao ndio humwiga marehemu mwendo na sauti, wakamsema kwa ulafi wake na uvivu wake, mpaka mfiwa acheke bila kupenda. Mfiwa akishacheka, mtani hutia chumvi katika chungu cha nyumba ile, na hapo msiba umekwisha. Kabla ya hapo nyumba hula chakula kisicho na chumvi, na mwenye nyumba hashiki kazi yake.

Sasa Matonya, mtoto wa kwanza wa Ndahani, alifariki katikati ya masika, mbuga yote ya Bahi ikiwa imejaa maji na watani wote wakiwa ng'ambo. Alikuwa kijana wa kuanza kuota ndevu, ndevu ambazo yeye alizisifu sana na ambazo watu wengine walilazimika kusogea karibu ili kuziona. Homa ilimshika, na kijana ambaye kuamka tu kulimchukua asubuhi nzima akaondoka haraka kuliko mtu yeyote ambaye Ndahani alipata kumjua. Majirani walimchimbia kaburi, wakamlaza, wakasema maneno mazuri. Hakuna aliyelala kaburini. Hakuna aliyedai kuku. Alizikwa kwa adabu tupu, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu yenyewe.

Maji yalipopungua, Ndahani alivuka kwenda kuwatafuta watani. Hakuwakuta. Wanaume walikuwa wameifuata reli ya Mdachi, wengine walikuwa wamepagazwa mizigo, na mzee wao, aliyekuwa bingwa wa kutukana nchi nzima, alikuwa mwenyewe amekufa. Alibaki bibi Nghambi, kiziwi, ambaye alimkaribisha Ndahani, akamkalisha, akamtukana kwa ustadi mkubwa kuanzia jua la asubuhi mpaka kivuli kilipofika mlangoni. Lakini yote aliyoyasema yalimhusu babu yake Ndahani, aliyekufa zamani akiwa tayari ametukanwa vya kutosha. Mwishowe bibi alikumbuka kwamba ana mjukuu kambini.

"Mimi siku hizi naitwa Bartolomayo," mjukuu mwenyewe alisema sasa, akipunguza kuni chini ya sufuria. "Nimebatizwa, mzee. Matusi nimeacha tangu Pasaka."

"Hata kidogo?"

"Labda nikiungua."

"Haya si matusi," Ndahani alisema. "Ni kazi. Kwani mtu akiitwa kuchinja amemchukia ng'ombe?"

Bartolomayo alikubali kwamba hilo lilikuwa na maana, ila alisema ana watu wengi wa kulisha. Ndipo Ndahani akamweleza habari ya mkewe. Mama Matonya hajasema neno tangu siku ile ya mazishi. Si kwamba analia. Anatwanga, anasonga, anateka maji, halafu anakaa ukutani akitazama ua. Anakula kitonge kimoja cha ugali, anasukuma bakuli. Nguo yake ya kaniki, iliyokuwa ikimzunguka mara moja, sasa inamzunguka mara mbili.

"Hasemi kabisa?"

"Kabisa."

"Toka masika?"

"Toka masika."

"Wako wanaume hapa kambini," Bartolomayo alisema, "wangekuuliza dawa uliyompa." Kisha akashtuka, akajiziba mdomo kwa kiganja chenye maharage.

Kidogo Ndahani acheke. Akajua kwamba si damu yote ya mtu huyu iliyobatizwa.

"Twende," alisema. "Kabla hujapoa." Bartolomayo akamwachia kibarua mmoja mwiko, akavaa kofia.

*

Njia ya kutoka kambini kwenda kwa Ndahani ilifuata tuta la reli kipande kizuri, na juu ya tuta upepo wa kiangazi ulivuma moja kwa moja usoni. Bartolomayo alitembea akipanguza jasho kwa kofia. Alikuwa mtu wa kufanya kazi yake vizuri, na alitaka vifaa.

"Sasa nipe habari zake, mzee. Alikuwa na kasoro gani?"

"Matonya? Hakuwa na kasoro."

"Mzee wangu, mimi nitatukana nini?"

Ndahani alitembea akiwaza. Tangu kijana afe hakuna mtu aliyemsemea ubaya nyumbani pale, na kwa kusikia sifa kila siku alikuwa ameanza kuziamini. "Labda kula," alisema mwishowe. "Alikuwa anakula sana."

"Vizuri! Mlafi."

"Lakini alikuwa anakua. Mtoto anayekua lazima ale."

"Haya. Kingine."

"Alichelewa kuamka."

"Mvivu!"

"Si mvivu. Alichelewa kuamka kwa sababu alichelewa kulala, kwa ajili ya kuimba."

"Sauti yake ilikuwa mbaya?"

"Nzuri sana," Ndahani alisema. Hatua chache mbele dhamiri ikamsumbua. "Ilikuwa nzito upande mmoja."

Bartolomayo alisimama, akashika kiuno. "Mzee, mimi nikikuletea nyama halafu kila kipande ukasema hiki kiache, hiki kina jina, tutapika nini? Nipe hata mwendo. Alitembeaje?"

Mwendo. Ndahani alijaribu kumwona mwanawe akitembea, na jambo la kuogofya ni kwamba hakumwona. Alimwona amelala, amefunikwa. Alimwona amechutama kando ya chungu cha chumvi, amechovya kidole, amekunja uso na kutangaza kwamba chumvi hii bado inanuka chura. Lakini akitembea, hapana. Alishika kitu cha kwanza kilichompita kichwani.

"Alichechemea. Ile wiki ya mwisho, alipochomwa na mwi..."

Gari la moshi lililobeba kokoto lilipita wakati huo likipiga filimbi, likameza mwiba na wiki na maneno yote yaliyofuata. Bartolomayo aliyapata yale ya mwanzo tu, akatikisa kichwa kwa furaha. Kuchechemea ni kitu ambacho mtani anaweza kukifanyia kazi.

*

Walipofika, majirani walikuwa wamekwisha kusanyika uani, maana Ndahani alikuwa ametuma habari. Walikaa kwa kujibana kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba ya tembe, na nyuso zao zilikuwa za watu waliokuja kusaidia na wanaoombea wasikaribishwe chakula. Hawakuwa wabaya. Ni kwamba nyumba ile ilikuwa nyumba ya mpika chumvi, chumvi yake ilijulikana hadi Kilimatinde, na toka masika watu walikuwa wakiandaliwa humo mlenda usio na chumvi hata chembe. Mlenda wa namna hiyo huteleza kooni bila kuaga.

Nje ya ua, vyungu vya kuchemshia chumvi vilikuwa vimefunikwa kifudifudi. Huko mbugani ukoko mweupe ulikuwa umeota juu ya udongo, mzuri kuliko miaka mingi iliyopita. Kwa kawaida Ndahani na Matonya wangekuwa wameukwangua alfajiri, wakautia katika kapu la nyasi, wakaumwagia maji na kukinga kinachodondoka. Sasa upepo ulikuwa ukiupeperusha kuwapelekea watu wasiojua kuupika.

Mama Matonya alikuwa amekaa mahali pake, mgongo ukutani. Wanawake wa jirani walikuwa wamejaribu, kwa huruma, kumwita Mama Hana, kwa jina la binti aliyebaki. Hakuitika. Na walipomwita Mama Matonya walianza kulia wao wenyewe, kwa hiyo wakaacha kumwita kwa jina lolote. Hana mwenyewe hakuwapo. Alikuwa machungani na mbuzi, kazi iliyokuwa ya kaka yake.

"Mbukwenyi!" Bartolomayo alisalimu kutoka langoni, wakamwitikia. Akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba upesi upesi kama mtu anayeomba ruhusa ya kutoka, akaingia uani akiburuta mguu.

"Mimi ni Matonya!" alipiga kelele. "Nimerudi! Mmeniacha huko chini hata kuku mmoja hamjanitolea! Leteni ugali! Leteni na wa jana!"

Watu walitazamana. Bartolomayo alizunguka ua, shingo nje, mguu ukichora mstari vumbini. Alijipiga tumbo. Aliimba, kwa sauti nzito upande mmoja. Alijilaza chini akakoroma, akaamka, akauliza kama mavuno yamekwisha ili apate kwenda kusaidia. Mzee mmoja alikohoa. Mtoto alicheka, mama yake akamfinya. Ndahani alitazama chini. Hakuwa na ubavu wa kumtazama mkewe. Yaliyosemwa yangeweza kusemwa kuhusu kijana yeyote kutoka Chemba mpaka Iringa, na mtu aliyekuwa akizunguka pale hakuwa Matonya hata kwa kidole.

Bartolomayo naye aliona. Jasho lilimtiririka. Mtani ambaye mfiwa hajacheka ni mtu aliyeingia nyumba ya watu kufanya fujo tu, na alilijua hilo. Akaongeza mguu. Sasa hakuchechemea tena, alijivuta kama jongoo aliyekanyagwa, na kwa kuwa vifaa vilimwishia akaanza kubuni.

"Halafu mimi Matonya ni mwoga! Nikiona kenge nalia! Nikimwona askari najikojolea!"

"Mguu gani?"

Hakuna aliyejua nani amesema. Sauti ilikuwa kavu, ya mlango usiofunguliwa siku nyingi.

"Nauliza, wewe mtu mnene. Mguu gani huo unaouburuta?"

Bartolomayo alitazama miguu yake yote miwili. "Wa kushoto, mama."

"Mwanangu hakuwa na mguu wa kuburuta." Mama Matonya alishika ukuta, akasimama. "Nani amekwambia habari hizo?"

Bartolomayo, ambaye tangu Pasaka hakusema uongo pia, alimtazama Ndahani. Ua wote ukamtazama Ndahani.

"Ilikuwa wiki ile ya mwiba," Ndahani alisema kwa sauti ndogo.

"Mwiba!" mkewe alisema. "Miaka yote ile amekutangulia mbele kwenda mbugani, wewe nyuma na kapu, unautazama mgongo wake kila siku ya Mungu, halafu unakwenda kumpa mtu mwiba! Sogea hapo, mtani. Unamharibu. Hakutembea hivyo. Alitembea hivi."

Akakaza kaniki yake kiunoni, akatembea.

Alitanguliza kifua. Mikono aliiachia ining'inie na kuyumba, kama ya mtu asiyekuwa na haja nayo kwa sasa. Vidole vya miguu vilitazama nje, na kila hatua ilirusha vumbi mbele, hatua ya mtu anayejua njia inamngoja yeye. Na kila baada ya hatua kadhaa kichwa kiligeuka kidogo, kidogo tu, kuangalia ni nani anayemtazama.

Ndahani aliinuka. Mwanawe alikuwa anakatiza ua. Yule yule, na kaniki ya mama yake, na nywele za msiba zilizoanza kuota mvi, alikuwa anakatiza ua akielekea kwenye kibuyu cha maziwa kisichokuwa chake. Ilimuuma na ilimfurahisha kwa pamoja, na hakujua afuate lipi. Mbele yake jirani mmoja alisema, "Ee, ndiye huyo," kisha kicheko kikamtoka puani.

"Na mwoga hakuwa," Mama Matonya alisema, bado akitembea. "Mwoga alikuwa baba yake."

Hapo ua ulicheka. Ndahani alicheka kuliko wote. Hakuwahi kutukanwa na kufurahi hivyo.

"Mvivu, hilo kweli. Mvivu alikuwa. Angeweza kulala juu ya siafu. Mwongo pia. Nilimwambia koga, akaenda akalowesha nywele tu, akarudi anatetemeka kwa baridi ya uongo. Na maziwa! Mtani, umesema ugali. Ugali gani? Alikuwa anakunywa maziwa kwa bua la mtama, kibuyu kikiwa kimetundikwa vilevile, halafu ananijia mimi uso mzito: mama, nadhani kuna nyoka humu ndani. Nikatafuta nyoka wiki nzima! Nikavuruga paa!"

"Hilo la nyoka sikulijua," Ndahani alisema.

"Wewe umejua nini? Mwiba!"

Bartolomayo alikuwa amekaa chini karibu na mawe ya jiko, kofia magotini, kama mtu aliyekuja kuimba akakuta mwenye wimbo. Lakini kazi yake hakuisahau. "Na askari, mama?" alichokoza. "Nasikia askari aliwaogopa."

"Aliwaogopa!" Mama Matonya alisimama katikati ya ua. "Ngoja nikwambie aliyeogopa. Alitumwa kupeleka chumvi Dodoma. Huko akawaona askari wa Mdachi wanacheza gwaride bomani. Mtu mmoja anapiga kelele neno, wote wanasimama. Anapiga neno jingine, wote wanaondoka. Akarudi hapa hana usingizi. Akawachukua mbuzi wangu akaenda nao huko machungani, na mwezi ukapita, mimi nashangaa mbuzi mbona wanakuja nyumbani kwa mstari. Kumbe anawafundisha Kijerumani."

Waliokuwa wakiijua habari hiyo walianza kushikana mabega.

"Siku moja akida wa Mdachi kapita kwa farasi wake, mbuzi wamo ndani ya shamba lake la uwele. Akasema, mbuzi hawa nawachukua. Wewe, Baba Matonya, ulikuwa wapi?"

"Ndani ya ghala," Ndahani alikiri.

"Ndani ya ghala. Mwanangu akaenda mbele ya farasi, mwendo huu huu. Akasema: Bwana akida, chukua tu, lakini hawa ni mbuzi wa serikali, wanangoja kupelekwa bomani, Kiswahili hawajui. Halafu akapiga neno lake, na mbuzi wote, wakubwa kwa wadogo, wakasimama na uwele mdomoni. Hakuna aliyetafuna! Na yule akida, anayejisifu kila mahali kwamba yeye na bwana mkubwa wanaongea Kijerumani kitupu, sasa aseme nini? Aseme hakuelewa? Aliwatazama mbuzi, mbuzi wakamtazama." Alinyoosha mgongo, akapeleka mkono kwenye paji la uso. "Akawapigia saluti. Akaenda zake."

Kicheko kilichotoka pale kilimwamsha mbwa wa jirani wa tatu. Mama Matonya mwenyewe alijaribu kukizuia, akakunja midomo, mabega yakamshinda. Alicheka amejishika magoti. Alicheka mpaka kicheko kikabadilika sauti, na wanawake wakainuka kumshika, na yeye akawasukuma kwa mkono, niacheni, niacheni, akicheka na kulia bila mpaka kati.

"Mfiwa amecheka!" Bartolomayo alitangaza haraka, akaruka kwenye chungu cha mlenda. Ndahani alimletea chumvi ya mwaka jana ndani ya kibuyu. Sasa Bartolomayo alikuwa amezoea kupikia kambi nzima, na mkono wake ulikwenda wenyewe: si chembe, ni konzi, kiganja kizima, na juu ya konzi akaongeza ya baraka. Walikula hivyo hivyo. Chakula kilikuwa hakiliki, watu walikodoa macho, machozi yakawatoka wakubwa kwa watoto, na kila mtu akapata kisingizio. Mama Matonya alimaliza bakuli lake, akadai jingine.

"Asante, mtani," Ndahani alimwambia Bartolomayo kando. "Hukujua kitu hata kimoja."

"Hata kimoja," Bartolomayo alisema kwa fahari.

Jua lilikuwa limeshuka Hana alipotokea na mbuzi. Aliwaswaga kwa fimbo na miluzi, na walikuja shaghalabaghala, kila mmoja na shauri lake. Aliona ua umejaa watu wenye macho mekundu wakicheka, akasimama kabla ya lango. Kisha alimwona mama yake ameinuka, amemgeukia, kifua mbele, miguu nje.

"Mtani hajaona," Mama Matonya alisema. "Aone." Akavuta pumzi, akapiga kelele kwa sauti ya kijana iliyokuwa nzito upande mmoja:

"Halti!"

Mbuzi walisimama. Wote. Beberu alikuwa ameinua mguu wa mbele na hakuushusha. Kitoto kilichokuwa kikinyonya kiliacha chuchu, kikasimama wima.

Watu walipiga makofi. Hana peke yake hakupiga. "Mama," alisema. "Mama, umefanya nini?"

"Nimewasimamisha."

"Na nani atawaondoa?"

Waliokuwa wakipiga makofi wakashusha mikono.

"Mimi hilo neno sijalisema tangu siku ile," Hana alisema. "Kwa sababu la kuwaondoa silijui. Alininyima. Alisema atanipa nikimwachia maziwa yangu mpaka mavuno, nikakataa. Nilidhani..." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Nilidhani nitamchosha mpaka aniambie bure."

"Lilianza na *ma*," Ndahani alisema. "Nilikuwa nalisikia nikiwa mbugani. Ma... ma nini..."

"Machi!" Bartolomayo alipaza sauti, maana alikuwa amelisikia kambini. Mbuzi hawakutikisika. "Forvets! Los!" Hakuna. Akafikiri. "Amina!" Beberu alimtupia jicho moja. Mzee aliyekohoa mchana alijaribu kuwasalimu. Jirani mwingine alijaribu neno alilowahi kuambiwa na mzungu barabarani, na wenye kuelewa kidogo wakamwomba asilirudie mbele ya watoto. Ndahani alimwendea beberu kwa nyuma, akamsukuma kwa mabega yote mawili; beberu aliteleza na kwato zake mpaka langoni kama kigoda kinachoburutwa, kisha akarudi taratibu mahali alipoamriwa kusimama, akauinua tena mguu wake.

Watu walicheka tena, ila kwa chini.

"Msiwaguse," Mama Matonya alisema. Alitoka nje ya lango. "Hana. Akiwaambia lile neno, kaka yako alikuwa akisimama wapi?"

Hana alimwonyesha: pale, kwenye kichuguu kilichobomoka, uso ukiwa umeelekea magharibi.

Mama Matonya alipanda. Alipanga miguu yake, vidole nje. Aliachia mikono ining'inie. Mwanga wa mwisho ulimpiga usoni akakunja macho, na Ndahani, kutoka langoni, aliona midomo yake ikijaribu neno bila sauti, ikaliacha, ikajaribu jingine. Mbuzi wote walikuwa wamemgeukia, masikio mbele.